Nyasi zilizosingiziwa

Wiki hii, ndugu msikilizaji, naomba tuwaache kidogo wakubwa na siasa zao, tuzungumze habari za mdudu. Usikunje uso. Mdudu ninayemsema amewashughulisha Wajerumani, Waingereza na serikali zetu za uhuru kwa zamu, na kila mwaka anakula sehemu ya ule ugali ambao wewe wa mjini unadhani unapunguzwa na walanguzi peke yao.

Barua iliyonisukuma ilitoka Bumbire, kisiwa cha Ziwa Viktoria kilichoko wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Mwandishi wake ni mzee anayelima mahindi na mihogo wakati vijana wake wako majini na nyavu. Anasema mahindi yake yakifika usawa wa goti, jani la katikati hunyauka. Ukilivuta linachomoka lote mkononi, na ukipasua bua unamkuta funza amekaa ndani kama mwenye nyumba. Majirani wamemwambia kwamba funza hao hutoka kwenye nyasi za mlimani, kwa hiyo dawa ni kiberiti: achome kilima chote kabla ya mvua. Mzee anauliza, achome au asichome?

Ningeweza kumjibu kwa neno moja, kisha tukapiga muziki. Lakini swali hilo limebishaniwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na jibu lake limekwisha kugeuka.

Kwanza tuelewane nyasi ni nini kwa mtu wa Kagera. Wahaya waliigawa nchi yao sehemu mbili. Kuna kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, lenye mwenyewe, lenye mbolea na makaburi ya mababu. Halafu kuna rweya, ile nchi ya wazi ya nyasi baina ya kijiji na kijiji. Mgeni akiipita kwa basi huona ardhi tupu. Kumbe huko ndiko nyumba ya msonge ilikopata ezeko lake, huko ndiko zilikotoka nyasi za kutandika sakafuni ili mgeni aketi, na nyasi za kutandaza chini ya migomba ili udongo usikauke. Ng'ombe walichungwa huko, samadi yao ikarudi kibanjani. Nilipokuwa mtoto tulitumwa rweya kukata nyasi, na msimu wa senene ulipofika hatukuhitaji kutumwa, kwani senene naye ni mla nyasi. Najua wachungaji wamekuwa wakiichoma rweya tangu zamani ili wapate majani mateke ya mifugo. Lakini kuchoma kwa ajili ya malisho ni jambo moja, na kuchoma kilima kizima kwa kumsaka mdudu ni jambo jingine. Anayefanya hivyo anatia moto ghala yake.

Bumbire yenyewe iliingia katika vitabu vya Wazungu kwa damu. Tarehe 28 Aprili 1875 Henry Morton Stanley alifika na mashua yake akitafuta chakula, wenyeji wakaikokota mashua hadi nchi kavu na kumnyang'anya makasia, naye akatoroka kwa kupiga risasi. Mwezi Agosti mwaka huohuo akarudi na msafara wa mitumbwi na bunduki, akawamiminia risasi watu waliosimama ufukoni na mikuki na pinde zao. Habari hizo alizipeleka mwenyewe kwenye magazeti, na huko Uingereza zikazua ghadhabu. Nyasi za vilima vya kisiwa nazo alizitaja, lakini kwa kupita tu. Ndiyo kawaida ya nyasi, watu hutazama juu yake wakitafuta kitu kingine.

Sasa tuiname kidogo. Duniani kuna kundi la nondo linaloitwa Elachista. Jina hilo lilitolewa mwaka 1833, na asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya mdogo kuliko wote. Nondo wa kundi hili akifungua mabawa, mara nyingi hafiki upana wa ukucha wa kidole gumba. Buu wake huishi ndani ya jani la nyasi, baina ya ngozi ya juu na ngozi ya chini, akichimba kama mchimba dhahabu wa Geita na kuacha nyuma yake mstari mweupe. Hebu fikiri jani la nyasi lina unene gani: labda karatasi mbili tatu za gazeti hili unalolishika. Humo mna mtu na chumba chake. Mamia ya aina za nondo hao yamekwisha kuandikwa, wengi kutoka Ulaya, Amerika na Australia. Kutoka Afrika wameandikwa wachache, na mimi nadhani tatizo ni uchache wa watu walioinama kuwatafuta.

Hao wachimba jani hawana ugomvi na mkulima wa mahindi. Wenye ugomvi ni nondo wengine, wanene zaidi, ambao mabuu wao huchimba bua. Mabwana shamba wetu huwaita bungua au funza wa mabua. Usiwachanganye na dumuzi wa ghalani, yule ambaye wakulima wa Tabora walimpa jina la lori, Scania, alipoanza kuwamalizia mahindi mwishoni mwa miaka ya 1970. Dumuzi ni mbawakawa. Bungua ni nondo, na kwa mwendo wa historia bungua wawili ndio wametutesa zaidi.

Wa kwanza ni mwenyeji. Wataalamu humwita Busseola fusca. Mwaka 1901 Claude Fuller, aliyekuwa akifanya kazi Natal huko Afrika Kusini, alimwandika na kumpa jina la fusca, yaani mwenye rangi ya kiza, kwa kuwa mabawa yake ni ya hudhurungi. Miaka mitatu baadaye, bila habari za Natal kuwa zimemaliza ubishi, Mjerumani Thurau naye akamwandika mdudu huyohuyo kutoka Afrika Mashariki ya Wajerumani, yaani nchi yetu. Akamwita sorghicida, muuaji wa mtama. Ukoo wake akauita Busseola, jina linalotokana na Walter Busse, mtaalamu wa mimea aliyezunguka nchi hii akichunguza magonjwa ya mtama. Kanuni za majina zinasema aliyetangulia ndiye mshindi, hivyo fusca ya Fuller ikabaki na Busseola ya Thurau ikabaki nayo. Kwa hiyo popote mdudu huyu anapotajwa leo, Ethiopia au Kamerun, hutajwa kwa jina lililotokana na safari za mtu katika mashamba ya mtama ya babu zetu. Wakulima waliomwonyesha Busse mtama ulioharibika hawakuandikwa popote katika jina hilo, lakini tusiwe na kinyongo, Mjerumani alikuwa na karatasi.

Tazama neno hilo: mtama. Mahindi hayakuwa chakula chetu cha asili. Yalitoka Amerika, yakaletwa Afrika na Wareno kuanzia karne ya 16, na hata jina tulilolipa lilitokana na kudhani yametoka Uhindini. Mtama na ulezi ndio wa kwetu. Bungua alikuwa akila mtama na jamaa zake wa porini, yale majani marefu yanayofanana na mtama, karne nyingi kabla punje ya kwanza ya mhindi haijatua pwani. Mahindi yalipoenea, hasa katika karne ya 20, sisi ndio tuliomwandalia karamu. Bua la mhindi ni nene, tamu, laini, na limepandwa bega kwa bega na wenzake elfu. Porini angelazimika kutafuta shina moja hapa na jingine kule. Shambani alikuta mji mzima umekwisha kujengwa, akahamia.

Maisha yake nayo yanastahili dakika mbili. Nondo jike huruka usiku. Hutaga mayai kwa safu, akiyasokomeza baina ya ala ya jani na bua, mahali ambapo mvua wala jicho la mkulima halifiki. Baada ya wiki hivi mayai huanguliwa, na viwavi wadogo hupanda juu hadi kwenye ule moyo wa mmea ambako majani mapya hujikunja kama karatasi ya kufungia karanga. Humo hula kwanza majani, na jani likikunjuka unaona matundu yamejipanga mstari mmoja. Wengine hujining'iniza kwa uzi mwembamba kama wa buibui, upepo ukawabeba hadi mmea wa jirani. Kisha huingia ndani ya bua, na hapo ndipo mambo huharibika, maana dawa haifiki tena. Kabla ya kugeuka bundo, kiwavi hutoboa mlango wa kutokea na kuacha ngozi nyembamba kama pazia, kwa sababu nondo hana meno ya kutafuna njia. Na kiangazi kikikuta kiwavi ndani ya bua kavu, hulala. Hulala miezi mingi bila kula, akingoja unyevu wa mvua mpya umwamshe. Mkulima amevuna, amepanga mabua kuwa ua wa nyumba, na ndani ya ua huo adui yake amelala akingoja msimu.

Bungua wa pili ni mgeni, naye anaitwa Chilo partellus. Kwao ni Asia, alikoandikwa mwaka 1885. Hapa Afrika alionekana kwanza Malawi mwaka 1930, wakati huo ikiitwa Nyasaland. Kisha habari zake zikanyamaza kwa miaka kama 20, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliporipotiwa Tanganyika. Baada ya hapo hakusimama. Kenya, Uganda, Somalia, Ethiopia, Msumbiji, hadi Afrika Kusini. Mayai yake hupangana juu ya jani kama magamba ya sato. Hukua haraka kuliko mwenyeji, na huamka mapema kutoka kwenye usingizi wa kiangazi, hivyo huwahi mahindi machanga. Katika pwani ya Kenya alimsukuma pembeni ndugu yake wa asili wa hukohuko mpaka akawa haba. Alipendelea kwanza nchi za joto za chini, lakini akazidi kupanda. Kandokando ya Ziwa Viktoria wanapatikana wote wawili, mwenyeji na mgeni, wakati mwingine ndani ya shamba moja.

Hasara yao hutofautiana sana mahali kwa mahali. Utafiti mmoja wa Kenya, uliochapishwa mwaka 2002, ulikadiria kwamba bungua huchukua asilimia 13 hivi ya mahindi ya nchi nzima. Toa gunia moja katika kila magunia manane, na ulitoe kwa mtu ambaye alitegemea kupata magunia manane tu.

Wakubwa walifanya nini? Ushauri wa tangu ukoloni ulikuwa kung'oa mabua na kuyachoma, na kufyeka nyasi zote za pembeni kwa kuwa zilihesabiwa kuwa maficho ya adui. Kwenye makaratasi ni ushauri mzuri. Lakini bua kavu kwa mkulima ni kuni, ni ua, ni chakula cha ng'ombe, na likiachwa ni mbolea. Kumwambia alichome ni sawa na kumwambia mpangaji wa Manzese achome kitanda chake kwa sababu kina kunguni. Anaweza kukubali mbele ya bwana shamba, akifika nyumbani anafikiri upya. Baadaye ilionekana kwamba kuyalaza mabua chini juani kwa wiki kadhaa, badala ya kuyasimamisha, nako kunawaua funza wengi kwa joto, na mkulima anabaki na mabua yake.

Kisha ikaja enzi ya dawa. Wapo wasikilizaji watakaokumbuka unga wa DDT, ambao ulitiwa kwa kidole katika moyo wa kila mhindi, mmea kwa mmea, mara nyingi na akina mama na watoto bila kitambaa usoni. Ilifanya kazi kabla funza hajaingia buani. Baada ya hapo ilikuwa kupoteza fedha. Mwaka 1962 mwanamke wa Kimarekani, Rachel Carson, alichapisha kitabu kilichouonyesha ulimwengu jinsi dawa za namna hiyo zinavyobaki katika udongo, samaki na ndege. Ilichukua miaka karibu 40 mpaka mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ukaifunga DDT isitumike mashambani, ikaachiwa vita ya mbu wa malaria tu. Waliokuwa hawana fedha ya dawa waliendelea na majivu na udongo mkavu katika moyo wa mhindi, njia ya bibi zetu, na mimi sitaicheka.

Katikati ya hayo aliibuka mtu wa kwetu. Thomas Risley Odhiambo, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1931, alisoma Makerere, akafanya kazi ya wadudu katika kilimo huko Uganda, kisha akaenda Cambridge na kurudi na udaktari wake. Mwaka 1967 aliandika katika jarida kubwa la sayansi la Marekani juu ya sayansi kwa maendeleo ya Afrika Mashariki, na mwaka 1970 akaanzisha Nairobi kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kinachojulikana kwa kifupi kama ICIPE. Kazi ilianza kwa unyonge, husimuliwa kwamba ofisi ya kwanza ilikuwa gereji. Odhiambo aliamini kwamba wadudu wa Afrika wachunguzwe Afrika, na Waafrika wawe miongoni mwa wachunguzi. Alifariki mwaka 2003, na kituo cha Mbita, kilichoko ukingoni mwa ziwa letu hilihili upande wa Kenya, kimepewa jina lake.

Kituo hicho kilimtafuta mgeni Chilo mpaka kwao. Mwaka 1991 waliletwa kutoka Pakistani nyigu wadogo kama sisimizi, jina lao Cotesia flavipes, katika mpango wa ICIPE na chuo kikuu cha kilimo cha Wageningen, Uholanzi. Nyigu huyu huingia ndani ya tundu la bua, humdunga funza, humtagia mayai mwilini. Watoto wa nyigu hula funza kutoka ndani, kisha hutoka makumi kwa pamoja na kusuka vifuko vyeupe mithili ya punje za mchele. Mwaka 1993 waliachiliwa katika pwani ya Kenya, na miaka iliyofuata funza wa Chilo huko walipungua kwa kiasi kikubwa. Cha kuchekesha ni kwamba mwaka 1992, kabla hata ya kuachiliwa rasmi, nyigu hao walikwisha kuonekana katika mashamba ya kandokando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya. Inaaminika walitoroka maabara. Serikali zinapanga tarehe ya uzinduzi, nyigu hana kalenda.

Lakini lililo kubwa zaidi lilitoka kwenye nyasi. Katika miaka ya 1990 Zeyaur Khan, Mhindi aliyehamia ICIPE, akishirikiana na John Pickett wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, alikusanya Mbita mamia ya aina za nyasi za porini na kuwapa nondo nafasi ya kuchagua. Swali lao lilikuwa jepesi: nondo anapenda nyasi ipi kuliko mhindi, na ipi inamchukiza? Ilionekana kwamba mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe, humvuta nondo kuliko hata mhindi. Jua likizama, katika saa ileile ambayo nondo jike huanza kutafuta pa kutaga, mabingobingo huachia harufu nyingi sana. Jike anakwenda kutaga huko. Funza wakianguliwa na kutoboa, mmea hutoa utomvu wa kunata, na wengi wao, takriban wanane katika kila kumi, hawafiki utu uzima. Nyasi nyingine, melinis, ilipopandwa katikati ya mahindi iliwakimbiza nondo, na juu ya hapo ikawaita nyigu wa asili waje kuwinda. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1997 katika jarida la Nature, mahali ambapo nyasi za Mbita hazikuwa na mazoea ya kualikwa.

Baadaye badala ya melinis ikachukuliwa desmodi, mmea wa jamii ya kunde wenye asili ya Amerika Kusini, unaotambaa baina ya mistari ya mahindi. Hapo wakaokota na bahati: penye desmodi, kiduha, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi, lilikuwa linatoweka. Mizizi ya desmodi huziamsha mbegu za kiduha kisha huziua kabla hazijashika mhindi. Mabingobingo pembeni yanavuta, desmodi katikati inasukuma, na wakulima wakaita kilimo hicho sukuma vuta. Makumi ya maelfu yao wamekifuata Kenya, Uganda na hapa Tanzania. Sitaki kuficha kwamba katika miaka hii ya 2020 wamezuka watafiti wanaohoji kama kweli desmodi hufukuza kwa harufu. Wao wanasema vinyweleo vya majani yake, vilivyopinda kama ndoano, ndivyo vinavyowanasa viwavi. Wengine wanawapinga. Ng'ombe anayekula desmodi hiyo hajaombwa maoni.

Sasa nirudi kwa kiberiti cha majirani wa Bumbire. Kwa muda mrefu vitabu vilisema nyasi za porini ndizo hifadhi ya bungua, wakivuna shambani wewe, wao wanajificha nyikani. Kuanzia miaka ya 2000 kundi la ICIPE na watafiti wa Kifaransa, akiwamo Bruno Le Ru, walipita Kenya, Uganda, Tanzania, Zanzibar, Ethiopia, Msumbiji na hadi Madagaska, wakipasua mashina ya nyasi na matete na kuwalea funza waliowakuta mpaka wakageuka nondo. Matokeo waliyoanza kuyachapisha mwaka 2006 yaliwashangaza wenyewe. Katika nyasi walikuta aina nyingi mno za nondo, nyingine hazijawahi kupewa jina na mtu. Lakini wale maadui wa mahindi walikuwa haba sana humo. Wengi wa wakazi wa nyasi wamezoea nyasi yao moja au mbili tu, na mhindi hawautaki hata ukipandwa mlangoni kwao. Pamoja nao wanaishi nyigu na maadui wengine wa funza, ambao shamba likivunwa huhitaji mahali pa kukaa. Basi bungua wa mzee wa Bumbire ametoka zaidi kwenye mabua ya mwaka jana, yake na ya majirani wenyewe wanaompa kiberiti.

Mzee wangu, shikamoo. Usichome kilima. Laza mabua yako juani, na yale yasiyo na kazi yafukie.

Jambo hili halimhusu mzee mmoja. Kagera ilikuwa nchi ya ndizi, na bungua wa mahindi hakuwa na la kufanya na mgomba. Lakini migomba imedhoofika kwa miaka mingi, udongo umechoka, fukuzi na minyoo wameingia mizizini, na mwaka 2006 mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria uliripotiwa kwa mara ya kwanza Tanzania, tena wilayani Muleba. Nyumba ambayo haikuwahi kula ugali ila kwa mgeni sasa inapanda mahindi na mihogo pale mgomba ulipokatwa, na nyingine inapanda mahindi rweya, ambako pia miti ya mbao inapandwa mwaka hadi mwaka. Kila hatua ya mahindi ni hatua ya nondo. Mwaka 2017 akafika hapa nchini na mwingine, kiwavijeshi vamizi kutoka Amerika, aliyeonekana Afrika Magharibi mwaka uliotangulia. Huyo utamtambua kwa alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne ya mraba karibu na mkia. Naye mashamba ya sukuma vuta yameonekana kumpunguza.

Kikwazo ni mbegu. Mbegu ya desmodi ni ndogo, ni ghali, na haipatikani katika kila duka la pembejeo, sembuse kisiwani. Mabingobingo hayana shida hiyo, pingili tatu zinatosha kuanzia. Na desmodi yenyewe ikishakua hutambaa na kutoa mizizi kwenye vifundo, hivyo hukatwa marando na kupandwa kama viazi vitamu wakati wa mvua. Aliye nayo bara anaweza kuyafunga katika gunia lililoloweshwa, akayaweka kivulini chini ya ubao wa mtumbwi, yakafika Bumbire siku hiyohiyo yakiwa mabichi.